Kijito Chenye Jina: Mto Ngono na Majina ya Maji ya Bukoba na Muleba



Nilipoambiwa nizungumze juu ya maji ya kwetu, nilijua kwamba wengi mngetazamia nizungumze juu ya Ziwa Victoria. Ziwa lina wasemaji wengi. Lina mashirika, lina mikataba ya nchi na nchi, na jina lake limo katika kila kitabu cha jiografia duniani. Mimi nimeuchagua Mto Ngono, pamoja na vijito visivyo na idadi vinavyouingia kutoka mabonde ya Muleba na Bukoba. Hivyo ndivyo vinavyotunywesha, na hivyo ndivyo visivyo na msemaji.

Niseme neno moja mapema, hasa kwa ajili ya vijana. Ngono ni jina la Kihaya. Limefanana kwa sauti na neno la Kiswahili lenye maana nyingine kabisa, na kufanana huko ni bahati tu ya lugha mbili kukutana. Nimewahi kumsikia mwalimu akiuruka mto huu darasani kwa sababu ya haya. Tusifanye hivyo. Mto mkubwa kuliko yote inayozaliwa katika wilaya zetu hizi hauwezi kufichwa watoto wake kwa sababu ya sauti ya jina.

Hoja yangu leo ni hii: jina la kijito ni hati. Ndani yake mna habari za nani anachota hapo, nani anavuka hapo, nani alipakana na nani, na nini kiliwahi kufanyika kwenye kingo zake. Kijito ambacho jina lake halijaandikwa popote huwa kimeanza kupotea kabla maji yake hayajakauka, kwa kuwa hakuna anayeweza kukitetea kwa barua, kwa sheria wala kwa ramani.

Mto unaolipa ziwa kisogo

Tuanze na ardhi yenyewe, maana majina hukaa juu ya ardhi.

Mtu akisimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Kamachumu, huko Muleba, ziwa liko chini yake upande wa mashariki, karibu kiasi kwamba angeapa kila tone la mvua linaloanguka hapo litafika ziwani kabla ya jua kuzama. Kwa vijito vifupi vya upande wa mashariki ni kweli: vinateremka kwenye magenge na kuingia ziwani baada ya mwendo mdogo. Lakini maji yanayoanguka upande wa pili wa mgongo wa kilima yana safari nyingine. Yanakwenda kwenye Ngono, na Ngono inaelekea kaskazini, sambamba na ziwa, bila kuligusa. Inatoka katika vilima vya Muleba, inapita mabonde ya magharibi ya Bukoba, inapokea maji ya Ziwa Ikimba, inapita chini ya daraja la Kalebe, na mwisho inaingia katika Mto Kagera jirani na Kyaka, wilayani Missenyi. Kagera ndiyo inayoyabeba maji hayo mpaka ziwani, na mdomo wake uko ng'ambo kidogo ya mpaka, upande wa Uganda. Tone lililoanguka jirani kabisa na ziwa huzunguka wilaya tatu na kuvuka mpaka wa nchi kabla ya kulifikia.

Sababu iko katika miamba. Nchi ya Buhaya imejengwa kwa migongo ya mawe ya mchanga inayolala kaskazini kwa kusini, mmoja nyuma ya mwingine, na kati yake mabonde yaliyochimbwa katika miamba laini zaidi. Maji hayavunji mgongo wa jiwe ikiwa bonde liko wazi mbele yake. Ngono imefuata bonde.

Wanajiolojia wanatueleza jambo kubwa zaidi. Zamani sana, kabla ziwa halijakuwapo, mito ya eneo hili ilitiririka kuelekea magharibi. Kisha ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la magharibi ikainuka polepole, mito ikazuiwa, na mingine ikageuza mwendo. Kagera ni mmoja wa mito iliyogeuka. Maji yaliyokosa njia yalikusanyika mashariki na kufanya ziwa, kiasi cha miaka 400,000 iliyopita kwa makadirio yao. Hata ziwa hilo halikudumu sawasawa: lilikauka karibu lote kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Ndiyo maana mabonde yetu ya ndani yana mteremko mdogo, na mito yake ni mizito, yenye mafunjo na matete, ikienda taratibu kana kwamba haijaamua njia. Wakati wa masika Kagera ikijaa, maji ya Ngono hukosa pa kutokea, yakatanda bondeni wiki nyingi. Anayelima huko chini anajua kalenda hiyo bila kusoma kitabu.

Mvua, jiwe na kibanja

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mojawapo ya viwango vikubwa kabisa Tanzania. Aprili ndiyo kilele. Mvua hiyo inatoka ziwani: usiku na alfajiri hewa yenye unyevu hukusanyika juu ya maji na kusukumwa kuelekea pwani hii ya magharibi, ndiyo maana radi za kwetu hupenda asubuhi. Lakini kila ukizidi kwenda ndani, mvua inapungua. Ukivuka bonde la Ngono kuelekea Karagwe unafika mahali panapopata nusu tu ya mvua ya Bukoba. Kwa hiyo Ngono ni mto unaochukua maji ya nchi yenye mvua nyingi na kuyapitisha pembezoni mwa nchi yenye kiu.

Sehemu ya mvua hiyo haitiririki juu ya ardhi. Inazama katika mawe ya mchanga, inashuka polepole, na ikikutana na tabaka lisilopitisha maji inatokea pembeni mwa kilima kama chemchemi. Ndiyo sababu vijito vyetu vingi havikauki hata Julai na Agosti, wakati wa kiangazi. Kijito cha namna hiyo huanzia chini ya genge, mahali penye kivuli, na kikiharibiwa hapo kwenye jicho lake hakuna bwawa litakalokirudisha.

Na watu wakajipanga kufuata mpangilio huo. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, kiko juu, kwenye udongo uliotajirishwa kwa samadi na majani kizazi baada ya kizazi. Kati ya kijiji na kijiji ipo rweya, nyika ya majani ya kuezekea, kutandika na kulisha ng'ombe. Chini kabisa kuna bonde lenye maji. Kibanja kilikuwa cha nyumba na ukoo. Wengine walikilimia chini ya nyarubanja, mfumo wa umwinyi ulioanza kuvunjwa kwa sheria mwaka 1965. Lakini maji ya bonde yalikuwa ya wote wanaoteremka kuyafuata. Wanaoteremka hao, kwa sehemu kubwa, walikuwa na bado ni wanawake na watoto. Ukitaka kujua majina ya vijito vya kijiji, usianze kwa mwenyekiti. Anza kwa bibi aliyebeba mtungi njia hiyo tangu utotoni.

Mto una majina mengi kama ulivyo na vivuko

Watu wa ramani wanapenda mto mmoja uwe na jina moja kutoka chanzo hadi mdomo. Watu wanaoishi na mto hawana haja hiyo. Wao hutaja mahali: pale pa kuchotea, pale pa kuvukia, pale pa kuloweka, pale ng'ombe wanaponywea. Jina ni la mahali hapo, na kijiji kinachofuata kina lake.

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni Kagera yenyewe. Huko Rwanda, Mwogo na Mbirurume vinakutana na kufanya Nyabarongo. Nyabarongo inapokea Akanyaru, na baada ya hapo ndipo watu wanasema Akagera. Kutoka Burundi inakuja Ruvubu, ambayo nayo inalishwa na Ruvyironza, na yote yanakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda. Maji hayo, kabla hayajafika Kyaka, yamekwisha kuitwa majina zaidi ya matano, na hakuna hata moja lililokosea. Kila jina linasema ukweli wa watu wa kipande hicho.

Mzungu wa kwanza kuliandika kwa kirefu eneo hili, John Hanning Speke, aliondoka kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe Januari 1862 akielekea Buganda. Mto alioukuta njiani aliuandika kwa jina la Kitangule. Sisi leo tunalifahamu jina hilo kama Kitengule, na ni jina la mahali kwenye kingo za Kagera, ambako sasa lipo daraja jipya linalounganisha Karagwe na Missenyi. Msafiri alikuja kwenye kivuko, akapata jina la kivuko, akalipa mto wote. Tangu hapo vitabu vya Ulaya vilitumia jina la kivuko kimoja kwa mto wa mamia ya kilomita. Hakukuwa na uongo wa mtu yeyote. Walikutana watu wenye njia mbili za kutaja maji, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mmoja.

Jambo hilo limetokea mara nyingi zaidi kwenye vijito vidogo. Mpimaji anafika kijijini na gari, anauliza jina la mto mbele ya watu watatu barabarani, anaandika alichosikia kwa tahajia yake, na kuondoka. Jina hilo linachapwa. Miaka hamsini baadaye mjukuu wa kijiji anaulizwa kwa nini analiita bonde kwa jina ambalo "si la ramani".

Majina ya wageni na majina ya wenyeji

Februari na Machi 1876 Henry Morton Stanley alikuwa Karagwe. Aliuona mto huo huo, akaamua kwamba ndio chimbuko kuu la Nile, na akaupa jina Alexandra Nile kwa heshima ya Alexandra, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Kabla yake, Speke na mwenzake walilitazama ziwa dogo la Karagwe, likawakumbusha ziwa la kwao, wakaliita Windermere. Nani katika ukumbi huu anayeita mto wetu Alexandra? Nani huko Karagwe anapeleka mbuzi kunywa Windermere? Majina hayo yalichapwa London, yakasomwa kwa shangwe, na yakafa, kwa sababu hakuna aliyechota maji kwa majina hayo.

Lakini jina la Victoria, ambalo Speke alilipa ziwa mwaka 1858 akiwa Mwanza, halikufa. Lilikuwa na serikali nyuma yake, na shule, na ramani, na stempu, na baadaye mikataba ya kimataifa. Wahaya walikuwa na namna yao ya kulitaja ziwa, na walikuwa na Mugasha, mwenye maji na dhoruba, waliyemheshimu kabla ya kuingia katika mtumbwi. Hayo yote yapo bado katika vinywa vya wazee, ila hayapo kwenye ramani.

Hapo tunajifunza kanuni yenye pande mbili. Jina la mgeni lisilotumika kijijini halidumu, hata likichapwa. Lakini jina la kijiji lisiloandikwa nalo halidumu, pale ambapo serikali, shule na ramani vinatumia jingine. Jina linaishi likiwa na vitu viwili pamoja: kinywa na karatasi. Ngono imebahatika kuwa navyo vyote viwili. Vijito vyake vingi vina kinywa tu, na kinywa kinazeeka.

Jina lililowaonyesha watafiti mahali pa kuchimba

Labda yuko anayesema moyoni kwamba majina ya mabonde ni mambo ya wazee, hayana faida ya leo. Ngoja nimpe ushahidi kutoka hapa hapa Bukoba.

Huko Katuruka, katika nchi ya Maruku, palikuwa na mti mkubwa uitwao Kaiija. Wazee walisema jina hilo ni la mahali pa kufulia chuma, na walilifungamanisha na masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alikuja Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960 akawasikiliza wazee hao kwa makini, na mwaka 1970 alichimba pale ambapo jina lilimwelekeza. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Baadaye utafiti ukaendelea kwenye ghuba ya Kemondo, na matanuri mengine ya kale yakapatikana.

Sikilizeni sasa jinsi bonde linavyoingia katika habari hii. Mwaka 1976 mafundi wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya kwa njia walizozijua tangu ujana wao, ili watafiti waone. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya bondeni, matete yaliyochomwa yakawa makaa, ndipo wakaweka madini na makaa ya kuni juu yake na kuanza kuvukuta. Mabaki ya majani ya aina hiyo hiyo yalionekana katika matanuri ya kale. Matokeo yalichapwa mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Dunia ilijifunza kwamba wafua chuma wa pwani hii ya ziwa walikuwa na ufundi wa juu sana zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mjerumani kupandisha bendera Bukoba.

Hazina hiyo yote ilihifadhiwa na jina la mahali na kumbukumbu ya watu wake. Kama Kaiija isingekuwa na jina, Schmidt angekuta mti tu kati ya migomba. Je, ni mabonde mangapi ya tawala zetu za zamani za Ihangiro, Kianja, Kyamutwara na Kiziba yana majina ya namna hiyo, yanayongoja mtu wa kuyauliza?

Mto unapogeuzwa mpaka

Jina la maji linaweza pia kuwa suala la uhai na mauti, na watu wa Kagera hawahitaji kuambiwa.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi zisizo zao kwa kuchora mstari wa latitudo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mwaka huo huo, Novemba, Emin Pasha aliweka boma la Wajerumani Bukoba. Mstari wa latitudo haukuwajali wanaokaa juu yake wala mto unaopita jirani. Ukaacha kipande cha nchi kaskazini ya Kagera kikiwa upande wetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikiteka kipande hicho, na yeye akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, na maelfu wakavuka kukimbilia kusini, wengi wao wakipita karibu na pale Ngono inapomalizikia.

Nchi iliirudisha ardhi hiyo kwa damu. Baada ya vita, mwaka 1979, mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Natamani kila mwanafunzi wa mkoa huu alijue hilo. Jina la awali lilitutaja kwa mwelekeo wa dira, kwa kututazama kutoka mahali pengine. Jina jipya lilitutaja kwa maji yetu wenyewe na kwa watu waliokufa kwenye kingo zake. Yaani serikali yetu ilikwisha kukubali, miaka mingi iliyopita, kwamba jina la mto linaweza kubeba kumbukumbu ya nchi. Kilichobaki ni kulikubali hilo kwa mito midogo pia.

Jina, sheria na kata zetu leo

Nishuke sasa kwenye mambo ya kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au chanzo cha maji pale zinapoweza kudhuru mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa vibali na jumuiya za watumia maji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Ni sheria nzuri. Lakini fikirini jinsi zinavyofanya kazi kijijini. Mtu amepanda mikaratusi kwenye jicho la chemchemi, na miti hiyo inakunywa maji mchana na usiku. Halmashauri inataka kuandika zuio. Iandike nini? "Ule mto wa kule chini kwa akina fulani"? Mwenye miti atasema hapo hapana mto, ramani haina mto, na jirani atasema jina lake ni jingine. Sheria ndogo inahitaji nomino. Mita 60 zinahesabiwa kutoka kwenye kitu, na kitu hicho lazima kitajwe.

Tazameni Mto Kanoni hapa mjini Bukoba. Ni mto mfupi, unaokatiza mji na kuingia ziwani. Kwa sababu una jina ambalo kila mtu analijua, mafuriko yake yanatajwa redioni, watu wanaulizia kingo zake, na madiwani wanabanwa kuhusu taka zinazotupwa ndani yake. Bado haujapona, lakini una shauri linaloendelea. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, mito inayoishia ufukweni ilikosa nafasi ya kumwaga maji, na kila aliyekaa bondeni alielewa maana ya kujenga juu ya njia ya maji. Vijito vya vijijini vinavyopata madhara hayo hayo havitajwi, kwa kuwa mtangazaji hana jina la kutaja.

Mwaka 2022 taifa letu lilifanya kazi kubwa ya Anwani za Makazi. Barabara na vichochoro vilipewa majina, nyumba zikapewa namba. Naipongeza kazi hiyo. Lakini niliona barabara mpya zikipewa majina ya watu na ya miti kwa dakika chache za kikao, huku kijito kinachopita chini ya barabara hiyo hiyo, chenye jina lenye umri wa vizazi, hakina hata kibao darajani. Umoja wa Mataifa umekuwa na wataalamu wa majina ya kijiografia na mikutano yao tangu mwaka 1967, na msimamo wao wa kudumu ni kwamba jina la mahali likusanywe kutoka kwa wenyeji na liandikwe kwa usahihi wa lugha yao. Hatuna haja ya kusubiri mgeni aje kutufanyia.

Kazi iliyo mbele yetu

Basi nini kifanyike? Naona mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kila halmashauri ya kijiji katika bonde la Ngono, kuanzia Muleba mpaka Missenyi, ifungue daftari la maji. Kila chemchemi, kijito, kivuko na kinamasi kiandikwe: jina kwa Kihaya kama linavyotamkwa, kitongoji kilipo, kinakoanzia, kinakoingia, na nani wanakitumia. Pale ambapo vijiji viwili vina majina mawili, yaandikwe yote mawili. Kutofautiana kwa majina si ugomvi wa kuamuliwa. Kuna maana yake, na wajukuu wataihitaji.

La pili, wanawake wazee waulizwe kwanza, na waketi kwenye kikao kama mashahidi wakuu. Wakija wenye kumbukumbu za mipaka ya zamani ya tawala zetu, waandikwe nao, maana mito mingi ilikuwa alama za mipaka hiyo kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963.

La tatu, shule. Mwalimu wa jiografia asiridhike mwanafunzi akiweza kuutaja Mississippi na kushindwa kutaja kijito kinachopita chini ya shule. Darasa la tano linaweza kutembea na kijito kutoka kwenye chemchemi mpaka kinapokutana na mto mkubwa, likachora, likaandika majina, na ramani hiyo ikabandikwa ukutani ofisini kwa kijiji. Hiyo ni elimu ya hesabu, ya lugha, ya uraia na ya mazingira kwa siku moja.

La nne, halmashauri za wilaya zipeleke madaftari hayo kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na kwa wapimaji wa serikali, ziombe kwa maandishi majina hayo yaingizwe katika ramani zitakazochapwa upya. Na kwenye kila daraja na kalavati la barabara ya wilaya liwekwe bango lenye jina la maji yapitayo chini yake.

Kuna atakayesema kwamba maji yana shida kubwa kuliko majina: yanapungua, yanachafuliwa, mabonde yanalimwa mpaka ukingoni, idadi yetu inaongezeka na kibanja kinagawanywa mpaka hakigawanyiki tena. Nakubaliana naye. Lakini nimejifunza kwamba watu hulinda walichokipa jina, na kwamba mashauri ya maji yanayoshinda ni yale ambayo mlalamikaji aliweza kusema bila kusita ni maji gani, yanaitwaje, na tangu lini. Kuandika jina hakutoshi. Bila kuliandika, hata hayo mengine hatutakuwa na mahali pa kuyaanzia.

Wazee wangu, nyinyi ndio wenye majina hayo. Vijana, nyinyi ndio wenye kalamu na simu za kurekodi. Viongozi, nyinyi ndio wenye muhuri. Msiondoke hapa kila mmoja na njia yake. Kila kijana amtafute mzee mmoja kabla masika yajayo hayajaanza, aandike naye majina ya maji ya kitongoji chao, na karatasi hiyo aifikishe kwa mtendaji wa kijiji ipigwe muhuri.